Mwaka Walioniita Afande

Ujumbe uliingia Jumatano asubuhi nikiwa ninaanika nguo nyuma ya nyumba ya Shangazi Hadija, hapa Busia. "Mama amefariki. Tunazika Jumamosi, Majanji. Nafula." Maneno sita, na la sita ni jina lake, kana kwamba alihofia nimelisahau. Naona haya kusema, lakini kabla sijamlilia marehemu nilianza kuupeleleza ule ujumbe. Je, amewatumia watu wote waliomo kwenye simu yake, na mimi nimo kwa bahati tu? Au ameniandikia mimi kwa kukusudia? Na kama amekusudia, anataka nije kumpa pole au anataka nije nionekane na watu? Miaka minne hatujasemeshana. Nina miaka kumi na tisa, shule nimemaliza, na bado nikiliona jina la Nafula nageuza simu kifudifudi. Niliacha shuka likidondosha maji kwenye kamba, nikaingia chumbani, nikavuta sanduku la bati chini ya kitanda na kutoa shajara za mwaka ule wa kidato cha pili. Ziko tatu. Nilizisoma nimekaa sakafuni mpaka Shangazi akaja mlangoni kuuliza kama naumwa. Nilimwambia siumwi. Hakuniamini, na alikuwa na haki, kwa sababu mwaka ule nilimdanganya yeye pia.

Shule yetu ilikuwa Tororo, upande ambao ukifungua dirisha la bweni unaukuta mwamba umesimama mbele yako kama mtu anayesubiri umwambie ukweli. Bweni lilikuwa refu, vitanda vya ghorofa pande zote mbili, kamba ya nguo za ndani katikati, na harufu ya sabuni ya mche iliyochanganyika na mafuta ya kujipaka. Nilikuwa mtu wa aibu sana. Mwalimu akiniuliza swali nilikuwa nalijua jibu na bado nilinyamaza, halafu jioni naliandika kwenye shajara, jibu lote, na namna ambavyo ningelisema. Niliandika kwa Kiswahili kwa sababu moja tu: Kiingereza wote walikisoma, Kidhopadhola, lugha ya wenyeji wa Tororo, mimi sikukijua, na Kiswahili bwenini walikijua wachache. Kwetu Busia Kiswahili ni cha kununulia vitunguu na kugombania bei ya kitenge. Sikujua kwamba ukitoka pale kidogo tu kuelekea ndani ya nchi, watu wengi wanakisikia kama sauti ya askari kwenye kizuizi cha barabarani. Siku Akoth, aliyelala kitanda cha jirani, alipochukua shajara yangu na kuona maneno yale, hakuelewa hata mstari mmoja, lakini alipanda juu ya kitanda akapiga kelele, "Wasichana! Tuko na afande humu ndani! Anatuandika!" Kuanzia siku hiyo sikuitwa Zaituni tena. Nilikuwa Afande. Nikiingia bafuni mazungumzo yanakatika. Nikifungua daftari mtu anajifunika kanga mpaka kidevuni.

Nafula ndiye peke yake aliyelifanya jina lile kuwa utani. Alilala kitanda cha juu yangu, na kwao ni Majanji, ambako mama yake alikuwa na boti moja na tanuri la kukaushia samaki kwa moshi. Alikijua Kiswahili cha sokoni, kile cha kukata kona. Kila jioni kichwa chake kilining'inia kutoka juu, nywele zikielekea sakafuni. "Afande, leo umeandika nini juu yangu?" Namjibu sijaandika kitu. "Andika mimi ni mrembo. Andika na nyota mbili hapa begani." Alikuja shuleni na kopo la mukene wa kusaga, wale dagaa wa ziwani, na kila chakula cha mchana alininyunyizia kijiko kimoja juu ya posho, yaani ugali, na maharage bila kuniuliza. Nimesoma tena kurasa za muhula ule wa pili na nimeona kitu ambacho sikukiona wakati huo: katika kila ukurasa niliandika alichonipa, na hakuna hata ukurasa mmoja nilioandika kwamba nilimwamini. Hata wakati ule nilikuwa najiuliza anataka nini kwangu.

Mwalimu Othieno wa bayolojia ndiye aliyeanzisha safari. Alikuwa na chama cha wanyamapori, watoto kumi na wawili, mimi, Nafula na Akoth tukiwamo, na darubini moja yenye kamba iliyofungwa fundo mara mbili. Alitangaza kwamba Jumamosi tutakwenda ziwani Majanji kwa siku moja, tutatembea ufukweni, tutapanda kilima cha mawe, tutaangalia ndege, na kila mmoja atakuwa na daftari lenye mistari mitatu: ndege gani, wangapi, mahali gani. Daftari bora zaidi, mwenyewe atakaa na darubini mpaka mwisho wa mwaka. Kwa mtu wa aibu, darubini ni zawadi kubwa: unaweza kuangalia bila kusogea. Niliitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu pale shuleni, na yote yaliyofuata yalianzia hapo.

Tulifika asubuhi, ukungu bado umelala juu ya maji. Mwalimu alitupitisha kwanza mbali na mwalo, yaani pale boti zinapotia nanga, tukafuata njia ya mbuzi kati ya mafunjo na mashamba ya muhogo. Nakumbuka kila kitu. Yangeyange weupe walitembea nyuma ya ng'ombe kama wahudumu. Mdiria alisimama hewani juu ya maji, mabawa yanapepea, halafu akaanguka kama jiwe na kuibuka na kitu kinachong'aa mdomoni. Kenge mrefu kuliko mimi alikatiza mbele yetu, amebeba utumbo wa samaki, na Akoth akamkumbatia Mwalimu, jambo ambalo alilikana mpaka tulipomaliza shule. Kilima cha mawe kilitutoa jasho. Juu kabisa tulikaa kwenye mwamba uliokuwa na joto tayari, na chini yetu ziwa likaenda mpaka macho yakachoka. Upande wa kushoto Mwalimu akatuonyesha vilima vya Kenya, vya rangi ya bluu kama moshi. Furukombe, yule tai mwenye kichwa cheupe anayekula samaki, alipiga ukelele, akarudisha kichwa nyuma kama mtu anayecheka. Mwalimu akanipa darubini, mimi wa kwanza. Nilimwona furukombe jicho lake. Nilishindwa kuongea, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyeniuliza kwa nini nimenyamaza.

Tatizo lilikuwa ule mstari wa tatu: mahali gani. Wenzangu waliandika "majini" au "kwenye mti", basi. Mimi nilitaka kushinda. Tuliposhuka na kuingia mwaloni, ndege walikuwa wengi sana, korongo wenye mifuko shingoni wakigombania matumbo ya samaki, mnandi weusi wamesimama juu ya boti na kutandaza mabawa yakauke. Sikujua majina ya sehemu zile. Nilichoweza kusoma ni majina yaliyopakwa rangi ubavuni mwa boti. Basi nikaandika hivyo: Tumaini, kumi na nne. Nipe Nafasi, sita. Neema Tele, tisa. Nilitembea kutoka boti moja hadi nyingine, nimeinamisha kichwa, nikiandika jina la boti na nambari, jina la boti na nambari, nikihakikisha herufi hazikosewi. Mtoto yeyote wa mwaloni angenikataza. Pale watu hawahesabu cha mwenzao ndani ya boti hata kwa macho, na miezi ile watu wa doria walikuwa wanapita kutafuta nyavu zenye macho madogo na samaki ambao hawajafikia kipimo, na kabla ya doria, kila mara, kunakuwa na mtu aliyewapelekea orodha.

Mwanamume mmoja alininyang'anya daftari kwa nyuma. Alikuwa na kofia ya sufu kwenye jua lile. Alisoma kwa sauti, "Tumaini, kumi na nne. Nipe Nafasi, sita," na wanawake waliokuwa wanageuza mukene kwenye nyavu za kuanikia wakaacha kugeuza. Kimya kile nimekiandika shajarani hivi: *kama redio imezimwa*.

"Nani amekutuma?"

Mwalimu Othieno alikuja mbio. "Muzee, hao ni ndege. Anahesabu ndege. Tuko wa shule."

"Ndege iko na jina ya boti yangu?" Alilipeperusha daftari. "Na mbona ni Kiswahili? Watoto wa shule wanaandika Kizungu. Hii ni ya barracks."

"Wandera, wacha mtoto wa watu." Mwanamke mnene alikuja akijifuta mikono kwenye leso, na nyuma yake Nafula anakimbia. "Huyu ni rafiki ya Nafula. Nafula ameniambia, anaitwa Afande lakini hata mende anaogopa." Watu wachache walicheka. Yule mwanamume, ambaye alikuwa ndugu yake Mama Nafula, Mjomba Wandera, mwenye boti ya Nipe Nafasi, hakucheka. Alinirudishia daftari polepole, akaangalia uso wangu kama mtu anayeuweka akiba.

Mama Nafula alitulisha wote kumi na watatu. Jikoni kwake kulikuwa chumba cha udongo kirefu, tanuri la moshi mwisho, kuta nyeusi zinazong'aa kama zimepakwa mafuta. Tulikula ngege, yaani sato, wa kuchemsha na nyanya na vitunguu, supu nyepesi yenye limao, na posho nyeupe iliyokatwa kwa uzi. Mimi Mwislamu, na mahali pengi nikialikwa inabidi niulize nyama imechinjwa na nani. Lakini samaki hachinjwi, basi nilikula bila kuuliza kitu, nikanyonya mpaka kichwa, na Mama Nafula akanitazama kwa furaha. "Huyu anajua kula. Hao wengine wa Tororo wanaacha shavu!" Nilikwenda nje kunawa, na niliporudi kwa mlango wa nyuma nikapita karibu na tanuri. Gunia lilikuwa limeteleza. Chini yake kulikuwa na sangara wamepangwa safu, wengi, kila mmoja mfupi kuliko mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole. Hata mimi wa mjini nilijua hao si wa kuvuliwa. Nilipoinua macho, Nafula alikuwa mlangoni ameshika sahani. Aliona kwamba nimeona. Nafikiri kama mmoja wetu angetoa hata utani mmoja, mambo yangekwenda njia nyingine.

Nyuma ya ukuta niliwasikia wakubwa. "Hiyo mtoto iko na macho," Mjomba Wandera alisema. Mama Nafula akajibu kitu kwa Kisamia, sikukipata chote, ila mwisho akasema kwa Kiswahili, kana kwamba alitaka nisikie, "Mtu amekula kwangu. Siwezi kumwogopa mtu amekula kwangu."

Siku ya tisa baada ya safari, doria ilifika Majanji. Walichoma nyavu za watu watatu, na boti moja, Tumaini, ya Mama Nafula. Nafula aliitwa ofisini kupokea simu, akarudi bwenini amekaza uso, akakaa kwenye kitanda changu, si chake.

"Daftari ya ndege iko wapi?"

Hapa ndipo nataka kusema bila kujificha. Daftari lilikuwa kwa Mwalimu Othieno. Nilimpa Jumatatu baada ya safari, kwa ajili ya mashindano. Lingekuwa jibu jepesi. Lakini nilimwona Nafula anavyonitazama, nikasikia moyoni: ukisema liko kwa Mwalimu, atauliza Mwalimu amempa nani, na hilo hulijui. Nikasema, "Nililitupa ziwani. Siku ile ile. Niliogopa."

"Ulilitupa."

"Haki."

"Na ile ya kulala?" aliuliza, akionyesha shajara chini ya mto. Sikumpa. Ndani niliandika sangara wadogo, safu ngapi, urefu gani. Nilikuwa sijamwonyesha mtu yeyote, lakini nani angeamini? Kesho yake Nafula aliomba matroni amhamishe kitanda. Kopo la mukene alilibeba.

Muhula wa tatu niliugeuza kuwa kazi ya upelelezi, na sasa nikisoma kurasa zile nacheka kwa uchungu, kwa sababu hatimaye nilikuwa yule yule waliyeniita. Nilimshuku Mwalimu Othieno. Aliondoka na pikipiki kila Ijumaa alasiri kuelekea Busia: kwa nani? Alikuwa na viatu vipya: kwa nini? Siku moja nilisimama nje ya chumba cha walimu nikisikiliza, nikamsikia anasema kwenye simu, "Majina ninayo yote, nitakuja nayo," nikayaandika maneno hayo kiganjani. Baadaye ilijulikana ni majina ya timu ya mpira wa wavu. Nilimshuku Akoth pia, kwa sababu binamu yake alikuwa askari. Nilimshuku dereva wa lori la shule. Kumshuku kila mtu kulinipa nafuu. Kila niliyemwongeza, mimi nilipungua kidogo. Nafula alikuwa anakula peke yake mwisho wa meza, amekonda. Watu walisema huenda asirudi mwaka unaofuata, maana bila Tumaini mama yake hakuwa na cha kumsomeshea.

Wiki ya mwisho ya mwaka, Mwalimu Othieno aliniita darasani. Alikuwa na daftari langu, limejaa vumbi la chaki. "Zaituni, nisamehe. Haya yote niliyafungia kabatini siku mliyonipa, nikapoteza ufunguo, juzi ndiyo tumevunja kufuli. Lako ndilo bora." Ndani alikuwa amesahihisha kwa kalamu nyekundu: *mnandi, si bata*. Akanivalisha darubini shingoni. Nilisimama pale na ushahidi wote mkononi. Daftari halikuwa limetoka kabatini hata siku moja. Nilichotakiwa kufanya ni kukimbia bwenini, kumwambia Nafula, tazama, muulize Mwalimu, muulize fundi wa kufuli. Ila nilikuwa nimemwapia kwamba liko chini ya ziwa. Kulitoa ni kumwambia kwamba nimemdanganya usoni, na mtu akidanganya hapo, kwa nini asidanganye na kwingine? Nililiweka chini kabisa ya sanduku.

Siku ya kufunga shule, Nafula alinijia getini. Alisema akitazama pembeni, "Mama anakuita. Jumapili. Uje ule kwetu."

"Kuna nini?"

"Kula tu."

Akaenda zake.

Niliporudi Busia nilimwambia Shangazi, tena si yote, nusu tu: kwamba kuna familia inanishuku jambo, na sasa inaniita chakula. Shangazi alikuwa anapima vitambaa, akaacha mita ikining'inia. "Mtu ana kinyongo nawe, halafu anakupikia? Mwanangu, watu wamelishwa vitu mji huu wakarudi nyumbani wakitapika. Wasikuite Jumapili wakakuzika Jumatatu." Lau ingekuwa nyama ningekuwa na kisingizio cha dini. Samaki aliniondolea hata hicho. Jumapili nilivaa, nikapanda bodaboda mpaka Lumino, nikashuka, nikamwambia dereva anisubiri. Nilinunua soda nikainywa kwenye kivuli cha duka la mbolea. Barabara ya Majanji ilikuwa mbele yangu, nyeupe. Niliwaza lile tanuri, na Mjomba Wandera anavyouweka uso wangu akiba. Niliwaza supu. Chupa ilipokwisha nikamwambia dereva ageuze. Shangazi nilimwambia nimekwenda, nimekula, hakuna neno. Nafula nilimtumia ujumbe kwamba naumwa tumbo. Hakujibu, na mwaka uliofuata kitanda chake kilikuwa na mtu mwingine. Nilisikia amevuka upande wa Kenya, anasoma huku akisaidia kwenye hoteli ya mtu wa kwao.

Hayo ndiyo niliyoyasoma Jumatano. Jumamosi nilikwenda. Nilipita Lumino bila kushuka.

Kulikuwa na mahema mawili, viti vya plastiki, na umati unaokwenda mpaka majini. Nilikaa nyuma kabisa. Baada ya maziko, watu walipoanza kutafuta pa kulia, Nafula alinijia. Amekuwa mrefu, amekata nywele. Tulishikana mikono, na hakuuachia mkono wangu, akanivuta hadi kwenye mkeka nyuma ya jiko. Nilimwambia kabla sijapoteza ujasiri: daftari sikulitupa, lilikuwa kwa Mwalimu, limefungiwa kabatini, halikuonwa na mtu, nilikudanganya kwa woga. Niliyasema haraka kama mtu anayetapika.

"Najua hukulitupa," alisema. "Nani anatupa daftari ya marks? Wewe?" Halafu akauliza, "Kwa nini hukuja siku ile?"

"Niliogopa chakula."

Alinitazama kuona kama natania. Kisha akanieleza, kwa sauti ya chini, kitu ambacho ningepaswa kukijua. Mwaloni pale, mtu akichomewa boti na maneno yakizagaa, mwenye boti anapika, anawaita wote waliotajwa midomoni mwa watu. Wanakula sahani moja, wanawake wakiwaona. Asiyekuja, ndiye. Wanamwacha, hawampigi, ila kesho wengine wanarudi majini pamoja bila kuogopana. "Watu watano waliitwa. Wanne walikuja."

"Ungeniambia!"

"Haiambiwi. Mtu akielezwa, kuja kwake si kitu."

Kwa hiyo miaka minne yote nilikuwa nimekwisha kuhukumiwa, na aliyenihukumu ni mimi, na soda mkononi. Nilimwambia nitasimama sasa hivi niwaambie watu. Nafula alinikamata mkono.

"Ngoja. Mama aliniambia kitu alipokuwa kitandani. Siku doria ilipokuja, boti zote zilikuwa hapa. Isipokuwa moja. Nipe Nafasi ilikuwa imepelekwa Kenya tangu asubuhi, kuziba tobo. Haikuwa na tobo." Alisawazisha ukingo wa mkeka. "Na siku ya kula, mjomba aliitwa kama wengine. Alikuja. Lakini alishika jagi, akawa ananawisha watu mikono. Anazunguka, anazunguka. Mtu ananawisha, nani anaangalia kama amekula? Mama peke yake."

"Na akanyamaza?"

"Ni ndugu yake. Nani mwingine angetulisha? Ungekuja wewe ukala, watu wangeendelea kutafuta. Mama alisema, yule mtoto wa Busia alituokoa na hakujua." Akaongeza, bila kunitazama, "Alisema siku akifa, nikuite."

Sijui hata leo kama lile lilikuwa shukrani au kitu kingine. Hasira ilinipanda mpaka masikioni. Walilitumia jina langu kufungia mlango wao. Lakini wakati huo wanawake wakaweka sahani kubwa katikati ya mkeka, ngege wazima juu ya posho, na watu wakaanza kukaa, watano, sita, baadhi wakinong'onezana wakinitazama. Mwanamume mwenye kofia ya sufu akaja anainama na jagi na beseni, akinawisha mmoja mmoja. Alipofika kwangu alisimama.

"Eeh, Afande," Mjomba Wandera alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka hemani. "Hatimaye umekuja kula."

Mazungumzo yalikatika, kama bafuni Tororo. Nilinyoosha mikono. Maji yalikuwa ya vuguvugu. Nilinawa taratibu, mpaka kwenye vifundo, na sauti iliyotoka kwangu sikuwa nimeipanga. "Nimekuja, Mjomba. Kaa tule pamoja."

"Mimi nina wageni wa kuhudumia."

Nafula alisogea kwenye mkeka. Nafasi ilibaki kati yetu, ya mtu mmoja. "Kaa, Mjomba," alisema. "Wageni watanawa wenyewe."

Wanawake wawili waliokuwa mlangoni mwa jiko waligeuza vichwa, wakatazama ile nafasi, halafu wakamtazama yeye. Mjomba Wandera aliangalia ndani ya jagi. Akasema maji yamekwisha, anakwenda kuongeza, na akaondoka kuelekea ziwani akipita katikati ya viti, jagi likimwaga maji kwenye suruali yake. Nafula alimvunja samaki shavuni, akaniwekea mbele yangu. Nikala.